Pembe za James Jordan: rekodi ya dunia iliyokaa miaka mingi bila jina la mwindaji

Mwaka 1971, wapimaji wa pembe nchini Marekani walitangaza kwamba wamepata jozi ya pembe za ayala iliyopita zote walizowahi kuandika katika kitabu chao. Alama zake zilikuwa 206 na 1/8. Kitabu kilitaja alama, kikataja na mahali: Sandstone, jimbo la Minnesota. Lakini penye jina la mwindaji iliandikwa kwamba hajulikani.

Mwindaji huyo alikuwa hai. Alikuwa mzee anayeishi palepale Minnesota, mwendo mfupi tu kutoka Sandstone, na kwa miaka kadhaa alikuwa akimwambia kila aliyetaka kumsikiliza kwamba mnyama yule alimuua yeye, kwa mkono wake, alipokuwa kijana wa miaka 22. Jina lake lilikuwa James Jordan. Leo kila anayefuata habari za ayala katika Amerika ya Kaskazini anamjua, na pembe zile zinaitwa kwa jina lake. Haikuwa hivyo wakati alipokuwa anahitaji kusadikiwa.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, kwa sababu huku kwetu hayuko. Ayala, yule anayetajwa katika Zaburi, hapatikani porini katika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara. Sisi tuna mboloko, swala, nyati na jamaa zao, na pembe zao ni za namna nyingine: mfupa uliovikwa gamba gumu, unaokaa kichwani toka utoto hadi kifo. Ukivunjika, basi. Pembe za ayala ni mfupa mtupu, na kila mwaka zinaanguka. Dume huzipoteza katika miezi ya baridi, kisha masika zinaanza kuota upya, zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye damu na manyoya mafupi. Kufika mwisho wa kiangazi zimekomaa, ile ngozi inakauka, na dume anaisugua kwenye miti mpaka mfupa ubaki wazi. Katika viungo vya wanyama wanyonyeshao, ni vichache sana vinavyokua kwa mwendo ule. Chakula kikiwa kibaya mwaka huo, pembe zinaonyesha. Mnyama akiwa mdogo au mzee mno, pembe zinaonyesha. Dume mwenye afya hubeba pembe zake nzuri zaidi akiwa na miaka kama mitano hadi saba, na wengi hawafiki umri huo.

Ayala wa mkia mweupe ndiye anayewindwa kuliko wote kule Marekani. Jina limetokana na mkia wake: akishtuka anauinua, na upande wa chini ni mweupe kabisa, unaonekana mbali ndani ya msitu.

James Jordan aliwinda karibu na kijiji cha Danbury, kaskazini-magharibi ya jimbo la Wisconsin, karibu na mpaka wa Minnesota. Hiyo ni nchi ya misitu, maziwa na mito midogo, na katika Novemba theluji inakuwa imeshaanza kuanguka. Tarehe 20 Novemba 1914 alitoka asubuhi pamoja na rafiki yake, Egus Davis. Hawakwenda kutafuta rekodi. Wakati ule mtu wa Wisconsin aliwinda kwa ajili ya nyama ya majira ya baridi, na pembe zilikuwa kitu cha kutundika ukutani ikiwa zinapendeza, au cha kutupa.

Mapema tu Davis alipiga jike. Akaamua kurudi naye nyumbani, na Jordan akamwachia kisu chake. Jordan akaendelea peke yake akifuata nyayo katika theluji. Kati ya nyayo hizo zilikuwamo za mnyama mmoja mkubwa kuliko kawaida. Zilimfikisha karibu na njia ya reli, na pale treni ilipopita na kupiga honi, dume likainuka katika majani marefu kutazama. Jordan alikuwa na bunduki ya Winchester ya modeli ya 1892, ya risasi ndogo za 25-20, risasi ambazo wawindaji wa leo wangeziona ni nyepesi mno kwa mnyama wa ukubwa ule. Alipiga. Dume likakimbia. Akapiga tena na tena huku akilifuata, na alipoangalia masasi yake akakuta imebaki moja tu.

Damu na nyayo zikampeleka hadi mto Yellow. Dume lilikuwa limevuka na limesimama ng'ambo. Kwa risasi ile ya mwisho akaliangusha. Alipogundua kwamba peke yake hataweza kulibeba, akaenda kumwita Davis, na waliporudi mnyama hakuwa pale. Alikuwa ameteleza ndani ya maji, mkondo ukamchukua, hadi akakwama kwenye jiwe mahali mto unapopinda, si mbali na nyumba ya Jordan mwenyewe. Walimvuta nje wakiwa wamelowa katika baridi ile. Uzito wake walikadiria kuwa karibu paundi 400, yaani kama kilo 180. Watu wa kijiji walikuja kutazama.

Mmoja wa waliosikia habari alikuwa George VanCastle wa mji mdogo wa Webster. VanCastle alikuwa fundi wa kukausha vichwa vya wanyama, kazi aliyoifanya nje ya saa za kazi yake ya reli. Akamwomba Jordan ampe kile kichwa akitengeneze, bei dola 5. Dola 5 zilikuwa pesa za kufikiria kwa kijana wa pori mwaka 1914, lakini Jordan alikubali, na VanCastle akaondoka na kichwa kwa treni.

Jordan hakukiona tena kwa zaidi ya miaka arobaini.

Fundi alihama Webster, akaenda kuishi Hinckley, upande wa Minnesota. Jordan alingoja kichwa kirudi, hakikurudi. Baadaye akasikia kwamba VanCastle amehama tena na kwenda Florida, mwisho kabisa wa kusini ya nchi, na akaona kwamba pembe zimekwenda naye. Wakati ule mtu hakuwa na simu ya kumtafuta mwenzake upande wa pili wa bara. Akaliacha lile jambo. Kilichoshangaza watu baadaye ni kwamba Jordan mwenyewe alivuka mpaka na kuhamia eneo la Hinckley, akaishi huko miaka mingi. Pembe hazikuwa Florida. Zilikuwa zimebaki katika wilaya ileile, katika nyumba za watu wasiojua ni kitu gani wanachokaa nacho.

Hapa inafaa tusimame kidogo kuhusu hawa wapimaji na alama zao, maana bila hilo msomaji hataelewa juu ya nini pembe za mtu maskini wa Danbury ziligeuka kuwa kitu cha kubishaniwa na mikoa miwili.

Chama kinachoshika kitabu cha rekodi kinaitwa Boone and Crockett Club. Kilianzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, na ambaye mwanzo wa mwaka 1910 aliwinda faru weupe katika eneo la Lado, kando ya Nili, ambalo wakati huo lilikuwa bado chini ya utawala wa Wabelgiji. Roosevelt na wenzake walikuwa wawindaji matajiri, lakini waliona kwa macho yao kwamba wanyama wakubwa wa nchi yao wanakwisha. Ayala wa mkia mweupe, ambaye hapo zamani alijaa kila msitu, kufika mwaka 1900 walikuwa wamebaki kama nusu milioni hivi katika nchi nzima, kwa makadirio ya wataalamu. Kupima pembe kulianza na fikra ya kuweka kumbukumbu: wanyama hawa wakiisha, angalau ijulikane walikuwa na ukubwa gani.

Kitabu cha kwanza cha rekodi kilitoka mwaka 1932, na upimaji wake ulikuwa mwepesi, ukitegemea zaidi urefu. Watu wakalalamika, na kwa haki. Pembe moja ndefu na nyembamba yenye matawi mafupi ilishinda pembe nene zilizojaa matawi. Ndipo chama kikaweka kamati, na mwaka 1950 ukapitishwa utaratibu ambao kwa sehemu kubwa ndio unaotumika mpaka leo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mpimaji rasmi hapimi pembe mbichi. Ni lazima zikauke katika hali ya kawaida ya nyumba kwa siku zisizopungua 60, kwa sababu mfupa unapokauka unasinyaa kidogo, na hicho kidogo kinatosha kubadilisha nafasi katika orodha. Anatumia utepe wa chuma mwembamba, na vipimo vyote ni vya inchi (inchi 1 ni sentimita 2.54), vikisomwa hadi sehemu moja ya nane. Ndiyo sababu alama zote zinaandikwa na vile vipande vya nane nyuma yake.

Anapima kwanza shina la kila pembe, toka linapotokea kichwani, kwa kufuata mpindo wa nje hadi ncha. Kisha anapima upana wa ndani kati ya mashina mawili. Upana huu unahesabiwa mara moja, na hauruhusiwi kupita urefu wa shina refu zaidi, ili mnyama mwenye pembe fupi zilizotanuka sana asipate alama za bure. Halafu matawi, moja baada ya jingine. Si kila kinundu ni tawi: ni lazima lifike inchi moja, na urefu wake uzidi upana wake. Mwisho ni unene. Utepe unazungushwa kwenye shina mahali pembamba penye nafasi nne kila upande, na zote nne zinaingia katika hesabu.

Ukijumlisha hivyo vyote unapata hesabu ya kwanza, ile ambayo wawindaji hupenda kujivunia nayo wakiwa wanakunywa. Lakini kitabu hakiandiki hiyo. Sasa mpimaji anaanza kutoa. Anachukua pembe ya kuume na ya kushoto, analinganisha kila kipimo na mwenzake, na tofauti yoyote inaondolewa. Tuseme tawi la pili la kuume lina inchi 10 na la kushoto lina inchi 8: inchi 2 zinaondoka. Matawi yaliyoota pasipo mahali pake, ya kuelekea chini au pembeni, nayo yanatolewa, kama mnyama anaandikwa katika kundi la pembe za kawaida. Kwa zile zilizoota ovyo kuna kundi lake, ambamo matawi hayo yanaongezwa badala ya kutolewa.

Kwa maoni yangu huu ndio upande wa ajabu wa utaratibu huu. Mnyama ameotesha mfupa, ameubeba, amepigana nao, na halafu mtu aliyeketi mezani anamwondolea sehemu kwa sababu upande wa kushoto haukufanana na wa kuume. Wawindaji wengi wanalalamika hivyo mpaka leo, wakisema kilichoota kimeota. Walioweka kanuni walijibu kwamba usawa wa pande mbili ni alama ya mnyama aliyekua vizuri bila jeraha wala njaa, na hawakubadilisha.

Kuingia katika kitabu kikubwa kwa kundi la pembe za kawaida kunahitaji alama 170. Mamilioni ya ayala wanauawa bila kukaribia hapo. Kufika 200 ni jambo ambalo mpimaji anaweza kufanya kazi maisha yake yote asilione.

Turudi kwa pembe zetu. Siku moja, katika mji wa Sandstone, watu walikuwa wakiuza vitu vyao vya zamani, yale mauzo ya nyumbani ambapo utakuta sahani, viti vilivyovunjika, nguo za watoto waliokua. Bob Ludwig alipita hapo. Kati ya vile vitu aliona kichwa cha ayala kilichozeeka, ngozi imechakaa. Alivutiwa na pembe. Bei ilikuwa dola 3. Akalipa, akazibeba nyumbani.

Ludwig alikuwa mtu wa misitu na alijua kidogo habari za vipimo. Alipojaribu kuzipima mwenyewe, hesabu ilitoka kubwa hivi kwamba aliona amekosea. Mwaka 1964 zikafika mbele ya Bernard Fashingbauer, mpimaji rasmi wa chama katika Minnesota. Naye akapata alama 206 na 5/8. Rekodi ya wakati ule, nayo ya dume lililouawa Minnesota mwaka 1918, ilikuwa 202. Kwa alama kubwa kama hizo chama hakitegemei mpimaji mmoja. Pembe zinapelekwa mbele ya jopo la wapimaji wanaopima upya bila kufuata hesabu ya kwanza, na ni jopo lililozishusha kwa nusu inchi hadi 206 na 1/8. Hapo ndipo rekodi ilipotangazwa mwaka 1971.

Vipimo vyenyewe ni vya kutazamwa. Mashina yote mawili ni inchi 30 kila moja, sawasawa, yaani sentimita 76. Upana wa ndani ni inchi 20 na 1/8. Kila upande una matawi 5. Na unene: inchi 6 na 2/8 kuume, inchi 6 na 1/8 kushoto, zaidi ya sentimita 15 kulizunguka shina, wakati dume zuri tu la kawaida lina kama inchi 4 au 5. Ukijumlisha mashina na upana unapata 80 na 1/8, na alama 126 zilizobaki zilitoka katika matawi na unene baada ya matoleo yote. Mfupa wenye uzito wa namna ile kwa kawaida hauna usawa. Huu ulikuwa nao.

Ludwig alikuwa na ujamaa wa mbali na Jordan. Alipomwonyesha mzee zile pembe, Jordan alizitambua papo hapo. Hakuomba muda wa kufikiri. Akaeleza habari ya treni, ya risasi moja iliyobaki, ya mto, ya VanCastle na dola 5 zake. Ludwig alikuwa amezinunua kwa haki yake, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Mwaka 1968 alimwuzia pembe Dkt. Charles Arnold, mkusanyaji wa pembe za ayala kutoka New Hampshire, kwa dola 1,500. Kutoka dola 3 hadi 1,500 ni faida ya kutosha, ingawa leo tunajua kwamba kitu kile kilikuwa na thamani kubwa kupita hapo.

Jordan hakudai fedha wala hakudai arudishiwe pembe. Alichotaka ni kwamba penye neno la mwindaji liandikwe jina lake, na penye mahali paandikwe Danbury badala ya Sandstone. Sandstone ni mahali pembe ziliponunuliwa katika mauzo ya vitu vya zamani. Mnyama hakuwahi kuishi Sandstone.

Ukimweka mtu mbele ya kamati na hadithi kama hiyo, kamati inapaswa kufanya nini? Hakuna picha ya siku ile. Fundi alikuwa ameondoka zamani. Miaka hamsini ilikuwa imepita. Na ni jambo la kawaida kwamba pembe zikipata sifa, wanaojitokeza kusema ni zangu wanaongezeka. Chama kilikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Lakini uangalifu wa miaka 14 kwa mtu wa miaka 70 na kitu ni mrefu.

Kuna jambo jingine linaloeleza kwa nini chama hakikuwa na haraka. Utaratibu wa alama unapima mfupa, haumpimi mtu. Hakuna inchi inayoongezwa kwa risasi ya mwisho, wala kwa baridi ya mto. Hata mnyama aliyeokotwa amekufa anaweza kuandikwa, na ameandikwa: rekodi ya dunia ya kundi la pembe zisizo za kawaida, alama 333 na 7/8, ni ya dume lililokutwa limekufa kando ya uzio karibu na St. Louis, jimbo la Missouri, mwaka 1981. Hakuna mwindaji aliyelipiga. Kwa macho ya wapimaji, pembe za Sandstone zilikuwa zimekamilika bila Jordan. Kwa macho ya Jordan, hapo ndipo palipouma.

Na tofauti yake na wawindaji wa siku hizi ni kubwa. Leo mtu anayetafuta rekodi anajifunza kumhukumu mnyama kabla ya kufyatua risasi. Anajua kwamba ayala akiwa macho, toka ncha ya sikio moja hadi ncha ya lingine ni kama inchi 16, kwa hiyo pembe zikipita masikio kila upande, upana unakadirika. Anajua kwamba toka jicho hadi pua ni kama inchi 8, akapima nayo urefu wa matawi kwa macho tu. Mzunguko wa jicho, inchi 4 hivi, unampa kipimo cha unene. Anatazama shingo na tumbo ajue umri, kwa sababu dume changa lenye pembe nzuri ni afadhali liachwe miaka miwili mbele. Yote hayo yanafanyika katika sekunde chache, na wenye ujuzi wanakosea kwa inchi chache tu. Jordan mwaka 1914 hakuwa na hesabu hiyo wala utaratibu wenyewe haukuwepo. Alichohukumu ni nyayo: aliona kwamba mnyama huyu ni mkubwa, akamfuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 habari ya mzee wa Hinckley ilianza kujulikana zaidi kati ya wawindaji. Watu waliomjua walimsemea. Chama kikachunguza upya, kikafuata masimulizi yake hatua kwa hatua, kutoka Danbury hadi Webster, Hinckley na Sandstone. Kila mahali palipotajwa palikuwa panalingana na njia ya pembe. Mtu anayebuni hadithi hangeweza kujua fundi gani alihama lini na kwenda wapi.

Mwezi wa Desemba 1978, Boone and Crockett Club ilitambua rasmi kwamba James Jordan ndiye aliyelipiga dume lile, karibu na Danbury, Wisconsin, tarehe 20 Novemba 1914.

James Jordan alikuwa amefariki mwezi wa Oktoba mwaka uleule, akiwa na miaka 86. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

Rekodi ilisimama miaka 15 mingine. Mwezi wa Novemba 1993, mkulima Milo Hanson wa Biggar, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, alipiga dume lenye alama 213 na 5/8, na pembe za Jordan zikashuka hadi nafasi ya pili ya dunia. Ukiweka karatasi mbili za vipimo pamoja, unaona wanyama wawili tofauti kabisa. Dume la Hanson lilishinda kwa upana, inchi 27 na 2/8, na kwa matawi mengi. Mashina yake ni mafupi kuliko ya Jordan kwa inchi moja na nusu, na ni membamba zaidi, chini ya inchi 5. Wapo wazee Wisconsin ambao mpaka leo ukiwauliza dume kubwa ni lipi, hawataji la Kanada. Hiyo ni mapenzi ya nyumbani, kwa sababu hesabu iko wazi. Lakini kwa Marekani yenyewe, katika kundi la pembe za kawaida, lile la Danbury lilibaki la kwanza kwa miaka mingi hata baada ya Hanson.

Katika kitabu, kila mnyama ana mstari wake, na mstari una nafasi ya mwindaji na nafasi ya mwenye pembe. Baada ya 1978, mstari wa alama 206 na 1/8 uliandikwa upya: Danbury, Wisconsin, mwindaji James Jordan, mwaka 1914. Katika nafasi ya mwenye pembe lilibaki jina la Charles Arnold.